Ganda Lililozama Thelujini

"Saa tisa kamili, Ardis. Si saa tisa na dakika moja," alisema mwendesha mashtaka Grosskopf, akakata simu kabla hajajibiwa.

Mpelelezi Ardis Zastrow aliikodolea simu macho kama vile ndiyo iliyomtukana, akaitupa kwenye kiti cha nyuma. Ilikuwa saa saba na robo mchana, Ijumaa. Ikifika saa tisa, mzee Delmar Quist, mtu wa miaka sabini na mmoja, angesimamishwa mbele ya hakimu na kusomewa shtaka la kutaka kumuua jirani yake. Hakimu naye alikuwa amekwisha kufunga vyombo vyake vya kuvulia samaki kwenye barafu, na wote waliomfahamu walijua kwamba huyo hangojei mtu.

"Kasemaje?" aliuliza Lonnie Radtke, aliyeshika usukani.

"Kasema saa tisa."

"Basi, afande, mbona tunajisumbua? Mzee mwenyewe alitamka mkutanoni. Watu sabini walimsikia."

"Walisikia mdomo, Lonnie. Hawakusikia bunduki."

Radtke akacheka, akakunja kona kuingia barabara ya changarawe. Alikuwa askari wa doria, kijana wa miaka thelathini na miwili, mpole, mwenye mabega ya mcheza mpira. Jana asubuhi ndiye aliyefika wa kwanza nyumbani kwa Royce Tiedemann, akamkuta mkulima huyo amelala kwenye sakafu ya jikoni, kahawa imemwagika, risasi ndogo imepenya dirishani na kumwingia shingoni. Radtke alilikandamiza jeraha kwa taulo la vyombo mpaka gari la wagonjwa likafika. Madaktari walisema bila mikono ile Royce angekuwa marehemu.

Shamba la Royce limepakana na uwanja wa shabaha wa klabu ya Pine Hollow. Kwa miaka miwili alikuwa akiwaandama: kwanza makelele, halafu akaanza kusema ipo siku risasi itavuka ua. Wiki tatu zilizopita, katika mkutano wa kitongoji, Mzee Quist, mwalimu wa klabu kwa zaidi ya miaka arobaini, uvumilivu ukamwishia. Akasimama, akanyoosha kidole. "Royce, wewe ni mwongo! Hakuna mwanafunzi wangu atakayevusha risasi ule ua. Na ipo siku utanyamaza, na mimi nitakuwepo kuusikia huo ukimya!" Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Sasa Royce alikuwa amenyamaza hospitalini na mzee alikuwa rumande.

Alipoulizwa jana saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi alikuwa wapi, Quist alijibu kwamba alikuwa bandani kwake anafanya mazoezi ya kufyatua bila risasi, kama afanyavyo kila asubuhi. Shahidi? Paka.

Ardis alijua ni kweli. Alikuwa na miaka kumi alipofunzwa na mzee huyo kushika bunduki yake ya kwanza, ishirini na mbili, ile ndogo isiyo na teke wala kelele nyingi, ambayo kila nyumba ya kaunti ile inayo nyuma ya mlango. Lakini kujua si ushahidi. Na maabara ya jimbo ilikuwa imemwambia asubiri wiki tatu.

Alichokuwa nacho ni ganda moja la risasi, la shaba, dogo kuliko kifundo cha kidole cha mtoto. Alilipata mwenyewe jana saa nne, nyuma ya kibanda cha kuni cha klabu, mahali ambapo hairuhusiwi kabisa kupiga. Theluji pale ilikuwa imetulia, ila kulikuwa na kitundu chembamba kama kilichotobolewa kwa penseli. Ganda linaporuka kutoka kwenye bunduki huwa la moto. Likiangukia theluji, linaiyeyusha na kuzama. Anayelitafuta kwa macho ya juu juu haoni kitu. Ardis aliingiza kidole, akalitoa.

Na ganda lile lilikuwa na kasoro. Bunduki ya ishirini na mbili haigongi risasi katikati ya kitako kama bunduki kubwa. Pini yake hugonga ukingoni. Alama ya pini ilikuwepo pale ukingoni, pana, ya mraba. Lakini hapo hapo kwenye alama ulianza mkwaruzo mwembamba, ukapanda ubavuni, kana kwamba ganda lilipokuwa likiingia na kutoka lilikuwa linapita kwenye jino. Jana jioni aliwaonyesha wenzake ofisini kwa lenzi, mmoja mmoja. Sherifu alipiga miayo.

"Wewe si mwanachama pale?" Ardis alimuuliza Radtke.

"Kwa jina tu. Nilinunua ishirini na mbili mwaka jana kwa ajili ya mazoezi, risasi zake si ghali. Lakini kazi hii, afande! Ukiacha kazi ya jana, sijakanyaga pale tangu Novemba."

Bernadine Olk, mtunza nyumba wa klabu, aliwapokea mlangoni, unga wa kukaangia samaki umempanda mpaka viwikoni. Ijumaa ni siku ya samaki, na kufikia saa kumi na moja nusu ya kitongoji ingekuwa imepanga foleni pale, Quist awe rumande au asiwe.

"Mikanda!" alifoka.

"Mama Olk, tuko kazini," alisema Radtke.

"Hata ukiwa kaburini. Humu ndani haingii silaha yenye risasi. Kanuni ya Delmar. Droo hiyo hapo, baba, usinitolee macho."

Wakafungua mikanda yao ya bastola, wakaitia kwenye droo. Bernadine akaifunga kwa ufunguo, akautumbukiza kwenye mfuko wa aproni. Radtke akamimina kahawa, akasema anakwenda kupima tena hatua za kutoka kibandani hadi uani, kisha auzunguke ua wote. Mlango ukajibamiza nyuma yake.

"Nataka chupa, Mama."

"Zote?"

"Zote."

Ukutani, juu ya meza ndefu, kulikuwa na rafu yenye chupa kumi na tisa, zile za matango ya siki, kila moja imebandikwa jina. Huo ulikuwa utaratibu wa Mzee Quist na haukuwepo kwingine popote. Mwanafunzi wake hakutupa maganda. Alimaliza kupiga, akayaokota, akayatazama moja moja kabla ya kuyatia kwenye chupa yake. "Bunduki yako imekuandikia barua," mzee alikuwa akisema, "na wewe unaitupa bila kuisoma? Adabu gani hiyo?" Pini ikianza kulegea, chemba, lile tundu linalokaliwa na risasi, ikiingia uchafu, ganda ndilo la kwanza kusema.

Na kama ganda linasema, basi jina la mwenye lile ganda la thelujini lilikuwa kwenye mojawapo ya chupa hizi! Moyo wa Ardis ulikuwa unapiga kama wa msichana anayengoja matokeo ya mtihani. Akavuta kiti, akawasha taa ya mezani, akatoa lenzi.

Saa saba na dakika arobaini.

Akaanza na ya Quist. Alama ndogo ya nusu mwezi, safi, hakuna mkwaruzo hata mmoja. "Umeona, Mama? Lile la thelujini limekwaruzwa kama na jino, hili ni safi. Si yake!"

"Mimi nilijua toka jana. Mwambie huyo Grosskopf."

Alimpigia. Grosskopf akasikiliza nusu tu. "Quist ana bunduki kumi na moja, Ardis. Umepata ganda la moja. Niletee bunduki iliyopiga, na mtu aliyeishika. Usiniletee chupa ya matango." Akakata.

"Kasemaje?" aliuliza Bernadine.

"Kasema samaki wako hawana chumvi."

"Mshenzi yule."

Chupa ya pili. Ya tatu. Kila bunduki na ng'ato yake: hii inauma kwa pembe, hii kwa mstari, hii kwa duara. Alimwaga, akachambua maganda kumi kumi, akayarudisha. Hakuna mkwaruzo. Ya nane, ya tisa. Alama za mraba alizikuta kwenye chupa mbili, akaruka kitini mara zote mbili, lakini ubavuni kulikuwa laini. Ya kumi na tano. Ya kumi na tisa.

Hakuna.

Ardis akaegemea nyuma, akauma mdomo. Saa nane na dakika kumi na mbili. Aliwaza uso wa Mwalimu Quist akiwa amevaa yale malapa ya rumande, akajisikia kulia kwa hasira.

"Pole, mwanangu," alisema Bernadine, akimwekea kipande cha jibini na chumvi. "Kula. Tumbo tupu halifikiri. Hivi hilo jino linatoka wapi, huko kwenye bunduki?"

"Jino?"

"Si umesema ganda limekwaruzwa na jino?"

Ardis alikuwa amekwisha kufungua mdomo kujibu, na jibu likamjia kwa sauti ya Mwalimu, asubuhi ya baridi miaka arobaini iliyopita, watoto wanane wamepangwa kwenye benchi hili hili. Somo la kwanza lilikuwa na mambo mawili tu. La kwanza: risasi hii ni ndogo, nayo inasafiri zaidi ya maili moja, kwa hiyo usipige kamwe kitu ambacho hujui nyuma yake pana nini. La pili: bunduki hii usiifyatue tupu. Bunduki kubwa unaweza kuifyatua tupu utakavyo, pini inagonga hewa. Hii, pini yake hugonga ukingo. Isipokuta ganda, inagonga chuma cha chemba, na chuma kinainuka. Jino! Ndiyo maana mwanafunzi wa Quist anapofanya mazoezi ya kufyatua nyumbani, huingiza kwanza kale kaplastiki ka manjano kanakotiwa tunduni ukutani kabla ya skrubu. Kanaingia sawasawa kwenye chemba, kanapokea pini. Mfuko wa koti la Mwalimu haukukosa vijiplastiki hivyo hata kanisani.

"Mama Olk," alisema taratibu, "aliyepiga ile risasi amekuwa akifyatua bunduki yake tupu. Mara mia, mara elfu. Ni mtu wa mazoezi hasa, mwenye bidii, lakini kazoea bunduki kubwa na bastola. Na somo la kwanza hakulisikia."

"Humu? Hakuna. Delmar hampi mtu chupa kabla ya somo la kwanza. Mwanangu mwenyewe alimrudisha nyumbani kwa sababu alichelewa."

Ardis akazitazama tena chupa. Kuna kitu kilikuwa kimempita mbele ya macho muda si mrefu, na yeye kwa pupa ya kutafuta mkwaruzo akakiacha kipite. Zile alama za mraba. Moja ilikuwa chupa ya mama mwalimu wa shule, zote za mraba mpaka chini. Na ile nyingine...

Akaivuta chupa ya kumi na saba, akaimwaga yote mezani. Ganda la kwanza: nusu mwezi. La pili: mraba. La tatu: mstari wa pembe. La nne: duara. Akacheka peke yake, kicheko kikavu. Bunduki moja haiwezi kuuma kwa midomo minne. Mwenye chupa hii alikuwa ameyamwaga maganda yake, akajaza ya watu wengine, wageni wasio na chupa, kutoka kwenye pipa la takataka za kufagia. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa na urefu wa chupa ya matango.

Hakuhitaji kusoma jina, lakini alilisoma. L. Radtke.

"Mama, leo asubuhi kuna mtu alikuja hapa?"

"Ni huyo askari wako tu, saa moja. Alisema ametumwa kuangalia milango. Kijana ana adabu! Alinifagilia sakafu yote nikiwa jikoni."

Tangu Novemba hajakanyaga. Na jana jioni ofisini, lenzi ilipopita mkono kwa mkono, yeye ndiye aliyeishika muda mrefu kuliko wote, akarudisha bila neno. Ardis alikuwa ameketi naye gari moja. Alikuwa amemsifu mbele ya sherifu! Hata hivyo, sasa alikuwa na mtu, na saa ilikuwa nane na dakika ishirini.

Lakini chupa iliyochanganywa si kosa la jinai. Radtke angesema aliiangusha, akazoa alichozoa, na Grosskopf angemcheka Ardis mpaka Jumatatu. Ilibidi ajue jambo moja: je, yule kijana alilijua somo la kwanza, au hakulijua?

"Bunduki yako iko wapi, Mama?"

"Kabatini. Kwa nini?"

"Niazime. Na lile kopo lako la plastiki za manjano. Na tafadhali, lolote litakalotokea, usiseme kitu."

"Mimi? Kusema?" Bernadine alishangaa kwa dhati kabisa.

Radtke alirudi akijipangusa theluji. Alikuta bunduki mezani, komeo lake wazi, chemba tupu, na kando yake kopo limejaa vijiplastiki vya manjano, karibu kabisa na pale ambapo mpigaji huweka kiwiko cha kushoto.

"Hatua sitini na mbili, kama jana," alisema.

"Ahsante. Njoo unisaidie, Lonnie. Mzee anadai alikuwa anafanya mazoezi ya kufyatua bila risasi. Grosskopf ataniuliza hayo mazoezi yanachukua muda gani. Mimi nimesahau, sijashika tangu utotoni. Wewe unafanya nyumbani?"

"Kila siku. Mara hamsini." Alisema kwa fahari. "Chuo cha polisi walitufundisha. Mkono haudanganyi."

"Nionyeshe moja."

Radtke aliketi. Aliichukua bunduki kwa heshima, akatazama chemba, akaigusa kwa kidole kuhakikisha ni tupu, akaielekeza kwenye tuta la udongo lililoonekana dirishani. Mikono yake ilikuwa mizuri, Ardis hakuweza kukana. Kiwiko kikagonga lile kopo. Akalitazama kopo. Akalisukuma kando kwa mgongo wa mkono, apate nafasi. Akafunga komeo, akatulia, akavuta pumzi, akaitoa nusu.

Tak!

"Wee mtoto weee!" Bernadine aliruka na mwiko wake, unga ukatapakaa. "Hiyo ni bunduki yangu! Nani kakufundisha kufyatua tupu? Hebu toa! Toa mkono wako!"

Radtke alimtazama, kisha akalitazama kopo, kisha akamtazama Ardis. Ardis alikuwa hajasogea. Mbele yake, juu ya meza, kulikuwa na maganda ya chupa ya kumi na saba, yamepangwa kwa mafungu manne.

"Za nini zile plastiki?" Radtke aliuliza.

"Za kuzuia jino, Lonnie. Ule mkwaruzo niliokuonyesha jana."

Radtke aliiweka bunduki chini polepole sana, mkono wake ukashuka kiunoni, ukapapasa pale ambapo mkanda haukuwepo. Bernadine akaushika mfuko wa aproni yake kwa mikono miwili.

"Ilikuwa ni kunguru," Radtke alisema.

"Kunguru."

"Alikaa juu ya nguzo ya ua. Nilikuja kupiga kidogo kabla ya zamu. Nikamwona. Nikasema moja tu. Karisasi kadogo kama kale, nilidhani kataishia kwenye miti." Akajifuta uso kwa viganja. "Nilitafuta ganda, sikuliona. Nikaingia garini. Baada ya dakika kumi na moja nikaitwa redioni niende kwa Tiedemann. Afande, nilipofungua ule mlango wa jikoni nikaona dirisha, nilijua. Nilijua pale pale."

"Ndiyo maana ulimkandamiza vile."

"Nilikuwa namwomba Mungu. Nilimwambia nitasema kila kitu, ila asife."

"Hakufa. Na hukusema."

"Nilifikiri mzee watamwachilia! Hakuna ushahidi, nilijua hakuna, si wewe mwenyewe ulisema..."

"Lonnie, tazama saa."

Akatazama. Saa nane na dakika thelathini na moja. Kijana mwenye mabega yale akainamisha kichwa mezani, kati ya maganda, akalia kwa sauti. Ardis alimwonea huruma, na akamchukia, vyote kwa pamoja, lakini hakuwa na nafasi ya chochote kati ya hivyo.

"Bunduki yako iko wapi?"

"Kwenye gari langu. Kituoni. Nyuma ya kiti."

"Unaniruhusu nifungue?"

Akavua ufunguo mwenyewe, akampa.

Ardis aliendesha, Radtke kiti cha nyuma, mikanda miwili ya bastola kwenye buti. Barabara ya changarawe ilikuwa matope na barafu, na gari liliteleza mara mbili likaelekea mtaroni. Mara ya pili Radtke akasema kwa upole, "Punguza gia, afande," naye akapunguza. Alipiga breki mbele ya kituo saa tisa kasoro dakika kumi na nne. Sherifu akatoka na sandwichi mkononi kuuliza kuna nini. Ardis akampa Radtke. "Mshike. Usimwache peke yake. Atakueleza."

Bunduki ilikuwa mahali aliposema. Grosskopf alifika maegeshoni akiwa amevaa suti na mabuti ya theluji, hati za mashtaka kwapani, tayari kugomba.

"Ardis, nilikwambia..."

"Nyamaza kidogo, Wendell. Nipe kijiti cha meno. Najua unavyo."

Akakipapasa mfukoni, akampa. Ardis akafungua komeo, akakiingiza kijiti kwenye mdomo wa chemba, akakizungusha taratibu kwenye ukingo. Kilizunguka robo. Kikazunguka nusu. Kikakwama.

"Jaribu wewe."

Mwendesha mashtaka akakishika. Akazungusha. Kikakwama pale pale. Akainama, Ardis akamulika kwa tochi, na chuma kidogo kilichoinuka kikang'aa kama punje ya chumvi. Kisha akatoa ganda la thelujini kwenye bahasha yake, akaliweka karibu, mkwaruzo ukielekea jinoni.

Grosskopf alitazama muda mrefu. Kisha akatazama saa yake. Saa tisa kasoro dakika tano.

"Naenda kuzungumza na hakimu," alisema, na hizo hatua zake hazikuwa za kutembea.

Mlango wa rumande ulifunguliwa saa tisa na dakika ishirini. Mzee Quist alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, malapa miguuni, kana kwamba anangoja zamu yake kwa kinyozi. Ardis alitaka kumkumbatia. Badala yake alimpa mabuti yake.

"Umemaliza, Mwalimu. Twende nyumbani."

"Nani?"

Akamweleza. Kunguru, kibanda cha kuni, chupa, kopo la plastiki. Alisimulia kwa mbwembwe, maana furaha ilikuwa imempanda kichwani, na alipofika pale Bernadine aliporuka na mwiko alitegemea mzee acheke. Mzee hakucheka. Alikuwa ameshika buti moja, halivai.

"Radtke," alisema. "Huyo hakuja somo la kwanza."

"Najua, Mwalimu. Nimegundua."

"Alinipigia simu. Akasema yeye ni polisi, ana miaka kumi na silaha, je, anaweza kuanzia la pili? Nikamwambia sawa." Akaligeuza buti mikononi. "Mtoto wa Bernadine nilimrudisha kwa kuchelewa dakika nne. Nilimrudisha akilia. Huyu nikampa chupa kwa sababu ana beji."

"Hukupiga wewe."

"Sikupiga." Akavaa buti, akafunga kamba, akavaa la pili. Alichukua muda wake. "Royce amezinduka?"

"Tangu saa sita. Hasemi bado, ila anasikia."

"Basi nipeleke hospitali."

"Leo? Mwalimu, watu wanakungoja klabuni. Bernadine amekuwekea samaki. Wamekwisha kusikia wote, wanakupigia makofi huko!"

"Waache samaki wapoe." Mzee alisimama, akajishikiza ukutani, akavaa koti lake, mkono ukaingia mfukoni kwa mazoea, ukatoka na kijiplastiki kimoja cha manjano, akakitazama, akakirudisha. "Miaka miwili yule bwana anasema ipo siku risasi itavuka ua. Mimi nikasimama mbele ya watu sabini nikamwita mwongo. Nipeleke, Ardis, angali hawezi kunijibu. Akianza kusema, nitapata kisingizio cha kubishana naye."